Pwani ni Pale Maji Yanapopwa: Hoteli na Wanakijiji katika Ufukwe wa Mashariki ya Unguja

Mgeni anayefika Paje au Jambiani kwa mara ya kwanza, hasa akifika siku za bamvua, hupatwa na mshangao ambao picha za matangazo hazikumtayarisha nao. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya mashariki ya Unguja hupwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi, saa ile ile ambayo mgeni amemaliza chai yake, amejipaka mafuta ya kujikinga na jua na anateremka na taulo begani. Badala ya maji ya buluu anakuta uwanda wa mchanga, vidimbwi, majani ya bahari na mawe ya matumbawe yaliyoachwa wazi kwa mamia ya mita, hadi kwenye mwamba ambako mawimbi yanaonekana kama uzi mweupe. Katika siku hizo tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Mgeni hurudi mapokezi kuuliza bahari imekwenda wapi na itarudi saa ngapi. Wakati huo huo, katika uwanda ule anaouona mtupu, wanawake wameinama wakifunga mwani kwenye kamba, wengine wanachokoa pweza kwenye matundu ya mawe, na wavuvi wanasubiri maji yarudi ili ngalawa zao ziinuke.

Neno pwani lenyewe limetokana na kupwa. Waliopapa mahali hapa jina walitazama maji yanapoondoka, maana hapo ndipo kazi inapoanza. Nalitaja jambo hili dogo la lugha kwa sababu linasaidia kuupima mjadala ambao kwa zaidi ya miaka thelathini umekuwa ukirudiwa visiwani kwa maneno yale yale: upande mmoja husema hoteli za ufukweni zimekifufua kisiwa, na upande wa pili husema zimewanyang'anya watu pwani yao. Kila upande una ukweli mwingi. Hata hivyo, pande zote mbili hupenda kubishana juu ya mambo ya nchi kavu, yaani ajira, ardhi, kodi na maadili, ilhali sehemu kubwa ya ugomvi imo katika ukanda ule unaozama na kuibuka mara mbili kwa siku, ukanda ambao katika ramani za wawekezaji huwa umeachwa mweupe kana kwamba hauna mtu.

Tuanze na hoja ya wanaotetea hoteli, kwa kuwa mara nyingi hudharauliwa na wale wasiopata riziki yao kutoka huko. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu 1,889,773. Mwaka 2023 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 630,000, na mwaka 2024 wageni walizidi 730,000, wengi wao wakiwa wamefuata fukwe. Karafuu, ambayo kwa vizazi vingi ndiyo iliyokuwa ikileta fedha za kigeni, haiwezi tena kubeba mzigo huo peke yake, na viwanda ni vichache. Ukanda wa mashariki na kusini, kuanzia Matemwe, Kiwengwa na Uroa hadi Bwejuu, Jambiani na Makunduchi, una ardhi ya mawe ambayo wenyeji huiita uwanda, isiyokubali mikarafuu na inayokubali minazi kwa shida. Kabla ya hoteli, kijana wa huko alikuwa na njia chache: avue, alime muhogo na mtama kwenye mifuko ya udongo baina ya mawe, au aende mjini, na wengi walikwenda mjini au Dar es Salaam. Leo barabara ya lami imefika, umeme umefika, na kijana huyo anaweza kuwa mpishi, dereva, fundi wa viyoyozi, mwalimu wa kuzamia au mwenye duka la kukodisha baiskeli, na bado akala chakula cha usiku nyumbani kwa mama yake. Anayesema kwamba hayo si kitu ajaribu kuwaambia hivyo wazazi wa vijana hao.

Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na methali hiyo imeandikwa na kutamkwa katika kila warsha ya utalii mpaka imechakaa. Lakini hutumiwa nusu. Watu huitaja ili kuhimiza ugeni, na husahau kwamba ina sharti ndani yake, kwani mwenyeji asipopona, mgeni amekuja bure. Swali la haki ni mwenyeji gani anayepona, na anapona kwa njia gani.

Hapo ndipo hoja ya wapinzani inapoanza, na inaanza na ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 iliendeleza msingi huo. Mwekezaji wa nje hauziwi ardhi. Hukodishwa kwa mkataba wa muda mrefu, kwa kawaida miaka 33 inayoweza kurefushwa. Kwa nadharia huu ni mpango mzuri, kwa kuwa taifa halipotezi kiwanja chake milele. Katika utekelezaji, uwanda wa mashariki haukuwa miongoni mwa maeneo yenye rutuba yaliyogawiwa watu kwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi, bali ulibaki kuwa eneo la matumizi ya pamoja ya kijiji: pa kukatia kuni, pa kuchomea chokaa, pa kulishia mifugo, pa kuanikia dagaa na mwani. Fidia huhesabiwa zaidi kwa vipando na majengo kuliko kwa ardhi yenyewe. Kwa hiyo mwenye minazi ishirini alipata kitu, na mwenye eneo la mawe ambalo babu zake walilitumia kwa miaka mia moja bila kupanda mti wa kudumu alipata kidogo au hakupata kabisa. Sheria haikumdhulumu kwa makusudi. Ilikuwa na macho ya kuona mnazi, haikuwa na macho ya kuona mahali pa kuanikia.

Jambo la pili ni jinsi hoteli yenyewe inavyoendeshwa. Kuna hoteli ambazo mgeni hulipa kila kitu nchini mwake kabla ya kupanda ndege, kuanzia kitanda na chakula hadi vinywaji, matembezi na hata mwenye kumpokea uwanja wa ndege. Mgeni wa namna hii anaweza kukaa Kiwengwa siku saba bila ya kununua hata dafu moja kijijini, na si kwa ubaya wake, bali hesabu imemfundisha kuwa kila anachokinunua nje anakilipa mara ya pili. Kwa upande wa mboga na matunda, hoteli kubwa hutaka mzigo wa kiwango kimoja kila siku, jambo ambalo mkulima mdogo wa Unguja hawezi kuliahidi, hivyo sehemu kubwa ya mzigo huvushwa kutoka Bara na kwingineko. Kwa upande wa samaki na pweza, kinyume chake ndicho kinachotokea: hoteli hununua vilivyo bora kwa bei ambayo jikoni ya kijiji haiwezi kushindana nayo. Mvuvi anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Jirani yake asiyekuwa na chombo anarudi nyumbani na dagaa.

Maji ya kunywa ni mfano ulio wazi zaidi. Utafiti wa shirika la Uingereza la Tourism Concern, uliotolewa mwaka 2012 na kuvihusisha vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kwamba kaya ya kawaida ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku, nyumba ndogo ya wageni lita 686 kwa kila chumba, na hoteli ya nyota tano hadi lita 3,195 kwa kila chumba. Takwimu hizo ni za zamani kidogo sasa, na baadhi ya hoteli zimejifunza kubana matumizi. Lakini asili ya tatizo haijabadilika, kwa kuwa kisiwa hakina mto wa kutegemewa upande wa mashariki, maji yanatoka chini ya mawe, na visima vya karibu na bahari vikivutwa kupita kiasi huingiwa na chumvi. Mtu akioga mara tatu kwa siku kuondoa chumvi ya bahari, kuna mtu mwingine ambaye kisima chake kinaanza kuonja chumvi hiyo hiyo.

Hapa, hata hivyo, nalazimika kuwaudhi kidogo marafiki zangu wanaoamini kwamba dawa ya yote haya ni nyumba ndogo za wageni zinazomilikiwa na wenyeji. Ni kweli kwamba shilingi inayoingia katika nyumba ya vyumba sita ya Jambiani huzunguka kijijini zaidi kuliko ile inayoingia katika hoteli ya vyumba mia mbili. Lakini nyumba hiyo ndogo mara nyingi ina karo la majitaka lililochimbwa kwenye mawe yenye matundu kama sifongo, na kinachoingia humo hakikai humo. Hoteli kubwa inaweza kulazimishwa kujenga mtambo wa kusafisha majitaka, inaweza kukaguliwa, na jina lake linaweza kuharibika ikipatikana na kosa. Nyumba ndogo sabini zilizosongamana haziwezi kukaguliwa kwa urahisi huo, na afisa wa mazingira mwenye pikipiki moja hatazimaliza. Nyumba hizo pia huajiri watu wachache bila mikataba na bila michango ya hifadhi ya jamii, ilhali mfanyakazi wa hoteli kubwa, pamoja na malalamiko yake yote, walau ana hati ya mshahara ya kupeleka benki.

Kuhusu nani anapata ajira hizo, mjadala umekuwa mkali kuliko unavyostahili. Hulalamikiwa kuwa nafasi nzuri huchukuliwa na watu wa Bara na Wakenya, na kwamba Mzanzibari hubakia bustanini na mlangoni. Sababu zinajulikana: lugha za kigeni, uzoefu, na kusita kwa familia nyingi kumwachia binti afanye kazi penye ulevi. Sababu mbili za mwanzo zinatibika, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha utalii katika kampasi yake ya Maruhubi. Ya tatu ni ya dhamiri, na sioni haki ya mtu wa nje kuishinikiza.

Sasa turudi chini, kwenye maji. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, baada ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameuanzisha miaka mingi kabla ya hapo. Kazi hii ilishikwa na wanawake kwa sababu iliingia katika saa zao na katika mahali pao: maji yanapopwa wanateremka, wanapigilia vigingi, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, na baada ya wiki kama sita wanavuna, wanaanika na kuuza. Kwa wengi wao zilikuwa fedha za kwanza zisizopitia mkono wa mume. Nyumba za mawe na mabati, sare za shule na makabati ya vyombo katika vijiji hivyo yana historia ya mwani kabla ya kuwa na historia ya utalii. Bei haijawahi kuwa nzuri, kwani kilo ya mwani mkavu wa aina ya spinosamu huuzwa kwa shilingi mia kadhaa, au elfu moja bei inapopanda, na aina ya kotonii iliyo na bei bora imekuwa ikifa kadiri maji ya kina kifupi yanavyopata joto. Dakta Flower Msuya, mtafiti wa siku nyingi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja, amefanya kazi kwa miaka mingi kuwasaidia wakulima walime kwenye maji ya kina zaidi na kuusindika mwani badala ya kuuza majani makavu tu.

Ukanda huo huo wa kina kifupi, wenye upepo wa kusi kuanzia Juni hadi Septemba na wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, umeifanya Paje kuwa mahali mashuhuri pa mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara, au kaiti kama vijana wa huko wanavyouita. Malalamiko ya pande zote mbili ni ya kweli. Mgeni hukanyaga kigingi, hujeruhiwa, na hoteli huulizwa kwa nini haikumwonya. Mwani unaooza juu ya mchanga hunuka, na meneja ana haki ya kutotaka harufu hiyo chini ya dirisha la mgeni aliyelipa dola mia tatu kwa usiku. Kwa upande wa pili, ubao unaokata kamba za mwani huharibu kazi ya wiki sita kwa sekunde mbili, na mkulima aliyeinama majini akiwa amejifunga kanga hafurahii kupigwa picha na mtu asiyemwamkia. Nilipomwuliza mama mmoja wa Jambiani anawaonaje wageni, alinijibu kuwa hana ugomvi nao, ila wanatembea juu ya shamba lake kama watu wanaotembea juu ya meza ya mtu mwingine wakati anakula.

Mkulima wa mwani walau vigingi vyake vinaonekana. Kuna matumizi mengine ambayo mgeni, na hata mwekezaji mwenye nia njema, hawezi kuyatambua. Vile vilima vidogo vya mawe vinavyoonekana maji yakipwa karibu na Bwejuu au Chwaka ni mashimo ya makumbi: wanawake hufukia makumbi ya nazi mchangani kwa miezi kadhaa mpaka yaoze, kisha huyafukua, huyaponda na kusokota kamba. Kila shimo lina mwenyewe, na wenyewe wanajuana. Vivyo hivyo madiko, mahali ambapo vyombo hufika na samaki hunadiwa, hayachaguliwi ovyo. Diko lazima liwe na mlango katika mwamba unaopitisha chombo, mchanga usio na mawe, na njia ya kufika barabarani. Bahati mbaya ni kwamba sifa hizo hizo ndizo zinazokifanya kiwanja kiwe bora kwa hoteli. Kule Nungwi, ambako ufukwe una kina na mgeni huweza kuogelea hata maji yakipwa, mafundi wa majahazi bado wanachonga mbao baina ya hoteli na hoteli, na wageni huwapiga picha kama sehemu ya mandhari waliyoilipia.

Wanaosema kwamba sheria imekwishalimaliza jambo hili, kwa kuwa ufukwe ni wa umma, wana haki kwa nusu tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaitaja ardhi yote iliyopo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Zanzibar, masharti ya ujenzi yanadai mita 30 kutoka alama ya maji kujaa. Lakini ufukwe wa umma usiofikika ni wa umma katika karatasi tu. Diani, kusini ya Mombasa, ni funzo zuri: viwanja vimepangana bega kwa bega kutoka barabara hadi mchangani kwa kilomita nyingi, na njia za kuteremkia zilizobaki ni chache na nyembamba, hivi kwamba mwananchi ana haki kamili ya kukaa kwenye mchanga ambao hana pa kupitia kuufikia. Isitoshe, neno umma katika sheria hizi lina maana ya kuruhusu watu wapite na waoge. Halimtambui mwenye shimo la makumbi wala mwenye kamba thelathini za mwani, ambaye kwa macho ya sheria hana zaidi ya mtalii aliyetandika taulo.

Mimi mwenyewe niliwahi kusimamishwa na mlinzi mchangani, mbele ya hoteli moja ya mashariki, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilimwambia nakwenda mbele. Aliniangalia, akaona sina mkufu wa kuuza wala safari ya pomboo ya kutangaza, akaniacha. Namwelewa, kwa sababu ameajiriwa kuwazuia papasi, yaani vijana wanaowaandama wageni kuwauzia vitu na safari, na papasi kweli huwasumbua wageni mpaka wengine hawatoki tena nje ya uzio. Lakini papasi pia ni kijana wa kijiji ambaye uzio umemwachia mchanga tu kama mahali pake pa biashara. Penye uzio mrefu na mlango mmoja, mgeni anayetoka hurukiwa na watu kumi. Penye njia nyingi na maduka ya kawaida, kama sehemu za Jambiani, watu kumi hao huwa wamekaa vibandani mwao.

Kuna hoja nyingine ambayo wenye hoteli wangefaidika kuisikiliza kuliko mtu yeyote, nayo ni ya mchanga. Mchanga wa ufukwe hausimami mahali pamoja; huhama na pepo, kaskazi ikiupeleka huku na kusi ikiurudisha kule. Mwenye kiwanja anayeona mchanga wake umeondoka msimu mmoja huingiwa na hofu, akajenga ukuta wa zege, na ukuta ule hulirudisha wimbi kwa nguvu na kuukata mchanga wa jirani, naye jirani hujenga ukuta wake. Watu wa Dar es Salaam wanakumbuka ufukwe wa Kunduchi, ambako hoteli ya Africana ilikuwa fahari ya jiji mpaka bahari ikaila. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na watafiti ni uchimbaji wa mchanga wa kujengea katika mito iliyokuwa ikiulisha ufukwe huo. Aliyechota mchanga mtoni hakuwa na nia ya kuivunja hoteli, na pengine hakujua kuwa mto na ufukwe ni kitu kimoja.

Tena ugeni wenyewe si mlima usiotikisika. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliziacha hoteli za pwani ya Kenya tupu kwa muda mrefu, na mwaka 2014, kutokana na hofu ya usalama, kampuni za Uingereza ziliwarudisha kwao mamia ya wageni waliokuwa Mombasa. Zanzibar ilionja jambo hilo mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimama na idadi ya wageni wa mwaka ikashuka hadi karibu nusu ya ile ya 2019. Kipindi hicho mwenye shamba la mwani au ngalawa alikuwa na pa kurudia. Aliyekuwa amekwisha kuuza chombo chake ili awe mlinzi hakuwa napo. Hii ni sababu ya kiuchumi kabisa, isiyohitaji huruma wala mapenzi ya mila, ya kuuacha ukanda wa maji kupwa uendelee kuwa mahali pa kazi: ni bima ambayo hoteli hailipii, na ambayo huwazuia wafanyakazi wake wasife njaa mpaka wageni warudi.

Mavazi ya wageni vijijini nayataja kwa ufupi, kwa kuwa yamekwisha kuzungumzwa sana. Jambo hili ni la heshima, lina uzito wake, na hutatuliwa kwa kumweleza mgeni mapema na kwa adabu. Hoteli nyingi hufanya hivyo.

Mifano ya kuishi pamoja ipo, ingawa kila mmoja una mipaka yake. Kisiwa cha Chumbe kimekuwa hifadhi ya matumbawe inayoendeshwa na kampuni binafsi tangu miaka ya 1990, na watoto wa shule hupelekwa huko kujifunza, lakini ni kisiwa kidogo kisichokuwa na kijiji, hivyo hakitufundishi mengi kuhusu Paje. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha waifungue kwa pamoja. Mpango wa namna hii unawezekana tu pale ambapo kamati ya wavuvi ya shehia, yaani eneo dogo la utawala linalosimamiwa na sheha, ina sauti juu ya mwamba wake. Paje kuna wanawake wanaotengeneza sabuni na mafuta ya mwani na kuwaonyesha wageni mashamba kwa malipo. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa maigizo. Mimi siioni hivyo, maana mgeni aliyetembezwa shambani na mwenye shamba hulijua shamba, na akirudi kesho yake hupita pembeni.

Nikipima yote haya, siwezi kuungana na wanaotaka hoteli zipunguzwe kwa jumla, wala na wanaodhani kwamba kila hoteli mpya ni neema. Hoteli kubwa yenye mtambo wa majitaka, mishahara ya halali na njia mbili pana za kuteremkia pwani ni jirani bora kuliko nyumba ndogo ishirini zenye makaro yanayovuja. Na nyumba ndogo ishirini ni jirani bora kuliko hoteli yenye uzio wa mita mia nne juu ya diko. Idadi ya vyumba haituambii mengi. Kinachotuambia zaidi ni ramani iliyoambatanishwa na mkataba, na mahali ilipokomea. Ramani nyingi hukomea kwenye alama ya maji kujaa, kwa kuwa hapo ndipo kiwanja kinapokoma kisheria. Zingeendelea mpaka mwambani, zikionyesha madiko, milango ya vyombo, mashamba ya mwani, mashimo ya makumbi na maeneo ya kaiti, sehemu kubwa ya ugomvi niliouelezea ingekuwa imejadiliwa mezani kabla ya kuanza mchangani.

Nafasi ya kufanya hivyo haiko mbali. Mkataba wa miaka 33 uliotiwa saini mwaka 1995 unafika ukingoni mwaka 2028, na wa mwaka 2000 unafika mwaka 2033. Mwenye hoteli atataka kurefushiwa, na kwa siku chache hizo serikali, shehia na mwekezaji watakuwa na sababu ya kukaa meza moja. Sheha anayekwenda kwenye kikao hicho angefanya vyema kumchukua mmoja wa wanawake wanaolima mwani mbele ya kiwanja hicho, na kuomba kikao kifanyike ufukweni, siku ya bamvua, saa nne za asubuhi.